Swali la Mtoto na Ndoo ya Maji

Ndugu msomaji,

Leo nataka nikuhadithie kosa langu mwenyewe. Si jambo la kupendeza kwa mtu mzima mwenye mvi kukaa akaeleza aibu yake mbele ya watu, lakini nimeona ni kheri nilieleze, kwani nachelea kuwa kosa hili limo katika nyumba zetu nyingi za mwambao, nasi tunalifanya huku tukidhani kuwa tunawalea watoto vyema.

Mwaka juzi nilifunga safari kutoka Tanga kwenda Musoma, mkoani Mara, kumtazama binti yangu aliyeolewa huko. Kutoka Mwanza nilipanda basi la asubuhi. Tulipokaribia Bunda dereva alikata kona ya kushoto kwa kasi, nami niliyekuwa nimekaa dirisha la kulia nikabanwa ubavu kwenye ukuta wa gari. Nikamwambia jirani yangu, "Kona hii ilitaka kunitupa nje." Akacheka, na safari ikaendelea. Ikumbuke kona hiyo, msomaji, kwani tutairudia.

Musoma ni mji ulioingia ziwani kama ulimi, maji huku na maji huku. Mtu wa pwani akifika huona kama yuko kwao, ila maji hayana chumvi, wala hayapwi wala hayajai. Binti yangu na mkwe wangu walinipokea kwa heshima zote, na mjukuu wangu wa miaka 10 akawa mwenzangu. Asubuhi tunakunywa uji pamoja, alasiri tunatembea ufukweni, na usiku halali mpaka nimpe kisa kimoja.

Siku ya nne nilikuwa nimekaa barazani baada ya alasiri. Mtoto akachota maji katika ndoo ndogo, akaishika mpini, akaanza kuizungusha kwa mkono ulionyooka, ikipanda juu ya kichwa chake na kushuka tena. Ndoo ilipokuwa juu ilipinduka mdomo chini, na hakuna tone lililomwagika. Nikacheka kwa kustaajabu. Punde si punde mpini ukachomoka. Ndoo ikaruka, ikapiga mtungi wa mama yake uliokuwa kando ya mlango, na mtungi ukapasuka.

Mtoto hakukimbia. Alisimama akiutazama mpini uliobaki mkononi, kisha akasema, "Babu, umeona? Ndoo haikuruka kwenda nje. Imekwenda mbele, kule ilikokuwa ikielekea." Akafikiri kidogo, halafu akaniuliza: "Mwalimu ametwambia dunia inazunguka. Sasa mbona sisi haturuki kama ndoo? Nani ametushika mpini?"

Msomaji, mimi sikuwa na jibu. Nimesoma chuoni, nimesoma na shule kidogo, lakini jambo hilo sikupata kulifikiri hata siku moja. Nami badala ya kusema sijui, nikakunja uso. Nikamwambia, "Hayo ni mambo ya Mwenyezi Mungu, si ya watoto. Mwenye kuuliza sana hupotea. Kwanza umevunja mtungi wa watu. Ondoka hapo!"

Akaondoka. Usiku ule hakuja kusikiliza kisa. Asubuhi alikunywa uji wake jikoni, akanipa "Shikamoo Babu" ya adabu kabisa, kisha akaenda zake. Siku ya pili vivyo hivyo. Adabu ilikuwapo, lakini mazungumzo yalikuwa yamekufa.

Binti yangu alinijia usiku, akaketi chini mkekani kama alivyokuwa akiketi alipokuwa mdogo. Akasema, "Baba, naomba radhi kabla sijasema. Mtungi utanunuliwa mwingine. Lakini mimi najua yaliyompata mwanangu, kwa kuwa yalinipata mimi." Akanikumbusha usiku mmoja wa mwaka 1990, tulipotoka na watu wa mtaa kwenda ufukweni Raskazone kutafuta mwezi wa Ramadhani. Yeye alikuwa na umri uleule wa mwanawe. Mwezi ulipoonekana, mwembamba kama ukucha, aliniuliza, "Baba, mbona mwezi hauanguki?" Akasema nilimjibu mbele ya watu, "Mtoto wa kike unatafuta nini huko mbinguni? Tazama mambo ya jikoni." Watu wakacheka.

"Tangu siku hiyo, Baba," alisema, "sikukuuliza tena kitu nisichokijua."

Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye hakusahau, na miaka zaidi ya 30 ilikuwa imepita. Jee, msomaji, unaweza kukisia usingizi nilioupata usiku ule?

Kesho yake nikaenda Butiama. Butiama, kama ujuavyo, ndiko alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na ndiko alikozikwa mwaka 1999, na hata baada ya kutawala nchi watu waliendelea kumwita kwa kazi yake ya kwanza, Mwalimu. Huko anakaa rafiki yangu wa zamani, naye ni mwalimu, aliyesomesha sayansi miaka mingi na sasa amestaafu. Nikamweleza yote, sikumficha hata neno nililomwambia mtoto. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mjukuu wako ameona jambo ambalo watu wazima wengi hawalioni. Kaa, tunywe chai."

Kwanza akaniuliza juu ya safari yangu, nami nikamtajia ile kona ya Bunda. Akasema, "Hakuna kitu kilichokusukuma nje. Wewe ulikuwa ukienda moja kwa moja. Gari ndilo lililogeuka kushoto, na ukuta wake ukakujia ubavuni ukakusukuma uingie ndani, ugeuke pamoja nalo. Kama ukuta usingekuwapo, ungeendelea kwenda mbele, na gari lingekuacha." Kila kitu kinachokwenda, alisema, hutaka kwenda kwa mstari ulionyooka. Ili kizunguke, lazima pawe na kitu cha kukivuta wakati wote kuelekea katikati. Kwa ndoo, mvuto huo ni mkono na mpini. Kwa maji yaliyomo, ni kitako cha ndoo kinachoyasukuma kuelekea katikati kila yanapotaka kwenda zake. Mpini ukikatika, ndoo haikimbii kutoka katikati; hushika njia ileile iliyokuwa ikielekea wakati ule. Ndivyo mtoto alivyosema, neno kwa neno.

"Sasa tuje kwenye swali lenyewe," akasema. "Musoma iko karibu na ikweta, kiasi cha digrii moja na nusu kusini. Duara ya dunia hapo ni kama kilomita 40,000, na dunia huimaliza kwa siku moja. Kwa hiyo wewe ukiwa umelala kitandani Musoma unakwenda mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Mjukuu wako ana haki ya kuuliza kwa nini haruki."

Jibu ni kwamba mpini upo, lakini hauonekani. Ni mvuto wa ardhi, ule unaoiangusha embe chini ya mwembe. Na mpini huo una nguvu nyingi kupita mahitaji. Duara ya dunia ni kubwa mno, hata mwendo wetu unapinda polepole sana, na kuupinda hakuhitaji nguvu nyingi. Mvuto wa ardhi ni kama mara 290 ya ule unaohitajika kutuzungusha hapa ikweta. Fungu moja katika hayo 290 ndilo linalotushika tusiende mbele kama ndoo. Mafungu yaliyobaki yote yanatukandamiza chini, nasi tunayaita uzito.

Nikamwuliza kama jambo hilo laweza kupimika, au ni maneno ya vitabuni tu. Akanionyesha gunia la mahindi lililokuwa ukumbini. "Kama mizani ya springi hapa inasema gunia hili ni kilo 100," akasema, "basi lau dunia ingesimama isizunguke, ingesema kilo 100 na theluthi moja hivi. Theluthi hiyo ya kilo ndiyo gharama ya mzunguko." Kisha akacheka akanitazama, kwa kuwa anajua nilikuwa mfanya biashara. "Lakini mizani yako ya mawe isingeonyesha kitu, kwa sababu na mawe nayo yangeongezeka uzito vilevile."

Jambo hili halikujulikana kwa kukisia. Mwaka 1672 mtaalamu mmoja wa Kifaransa, Jean Richer, alipelekwa Cayenne, Amerika ya Kusini, mahali palipo karibu na ikweta. Alichukua saa, mfano wa zile saa za ukutani zilizokuwa katika nyumba za wazee wetu, zenye ulimi unaobembea. Saa iliyokwenda sawasawa Paris ikawa inachelewa Cayenne kama dakika mbili na nusu kwa siku, na ikambidi aufupishe ulimi wake. Mvuto ulikuwa umepungua kidogo, sababu moja ikiwa ni mzunguko wenyewe, na nyingine ni kuwa dunia imefura kiunoni; aliyesimama ikweta yuko mbali na kitovu cha dunia kwa kilomita 21 zaidi ya aliyesimama kwenye ncha.

"Na kama dunia ingeongeza mwendo?" nikauliza. Nilishangaa kujisikia nikiuliza kama mtoto.

"Ingezunguka mara 17 ya mwendo wake wa sasa," akajibu, "siku nzima ingekuwa dakika 84 hivi, na mtu wa Musoma asingekuwa na uzito wowote. Mvuto wote ungemalizikia katika kumzungusha. Angeelea."

Akaniambia nisidhani kuwa hiyo ni ndoto, maana jambo la namna hiyo limepata kufanyika mbele ya pwani yetu wenyewe. Wengi wenu mnaokaa Malindi mnajua habari za jukwaa la San Marco, lile la chuma lililosimamishwa baharini huko Ngomeni. Wataliana walirusha vyombo vya angani kutoka hapo tangu mwaka 1967 mpaka 1988. Walipachagua kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambapo roketi ikielekezwa mashariki hupata bure ule mwendo wa kilomita 1,670 ambao dunia inao tayari. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, kilirushwa kutoka hapo chombo cha Wamarekani cha kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kikaitwa kwa Kiswahili, Uhuru. Kilizunguka dunia juu ya ukanda wa ikweta, ukanda ambao Musoma nayo imo, na kila mzunguko kiliutimiza kwa dakika 96 hivi, mpaka kiliporudi katika hewa na kuungua mwaka 1979.

"Wewe unafikiri kilielea kwa kuwa huko juu hakuna mvuto?" aliniuliza. Nikasema ndiyo. "Sivyo. Mahali kilipokuwa, mvuto ulikuwa bado ni sehemu 85 katika 100 ya ule wa hapa. Kilikuwa kikianguka wakati wote."

Nilipoona neno hilo gumu, akanieleza kwa kutumia ziwa. Sisi watu wa pwani tunajua kuwa jahazi ikija kutoka mbali, tanga huonekana kwanza na mwili wa chombo baadaye. Maji hayakunyooka kama meza, yamepinda. Ukipiga mstari ulionyooka juu ya maji kutoka ufukwe wa Musoma, ufikapo kilomita 8 uso wa ziwa utakuwa umeshuka chini ya mstari huo kwa kama mita 5. Na kitu kikiachiwa kianguke, katika sekunde ya kwanza huanguka kama mita 5 vilevile. Basi lau ungeweza kutupa jiwe kwa kasi ya kilomita 8 kwa sekunde, yaani kutoka Musoma mpaka Bunda kwa muda usiofika sekunde 10, na hewa isingekuwapo kulizuia, lingeanguka mita 5, na ziwa nalo lingeshuka mita 5. Lingeanguka tena, na dunia ingepinda tena. Lisingegusa maji kamwe. Mfano wa namna hii aliufikiri Isaac Newton wa Uingereza, ambaye kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1687.

Hapo nikanyamaza, kwani nilimkumbuka binti yangu. Nikauliza kwa sauti ndogo, "Na mwezi?"

"Mwezi nao unaanguka," akasema. "Uko mbali nasi mara 60 ya umbali uliopo kati yetu na kitovu cha dunia, na mvuto hupungua kwa kiasi cha 60 mara 60. Kwa hiyo katika sekunde moja huanguka kama milimita moja na nusu tu. Lakini katika sekunde hiyohiyo huwa umekwenda mbele kilomita moja. Kuanguka kule na kwenda kule mbele ndiko kunakoufanya uzunguke. Ukiuondolea mvuto, utakwenda zake kama ndoo ya mjukuu wako. Ukiuondolea mwendo, utaanguka juu yetu."

Jibu hilo, msomaji, lilikuwa limemngoja binti yangu tangu mwaka 1990.

Kabla sijaondoka nilimwambia kuwa mimi nilidhani maulizo haya ni ya Wazungu, ndiyo maana nikamkemea mtoto. Akanitajia al-Sijzi, aliyetengeneza usturlabu, chombo cha kupimia nyota, kwa msingi wa kwamba dunia ndiyo inayozunguka; na al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, ambaye alikiona chombo hicho, akakisifu, na akaandika kuwa suala la dunia kuzunguka ni gumu kulikata. Mtazame mwanachuoni mkubwa kama yule! Yeye hakuona aibu kusema kuwa jambo ni gumu. Mimi mwenye elimu ya kijiko kimoja niliona aibu kusema sijui, nikalitanguliza jina la Mwenyezi Mungu liwe pazia la ujinga wangu. Nami nasema, kulitaja jina Lake ili kumnyamazisha mtoto ni kulitumia pasipo mahali pake.

Niliporudi Musoma nilimkuta mtoto uani. Nikamwita, nikamwambia, "Mjukuu wangu, siku ile uliniuliza swali zuri nami sikulijua jibu lake. Nikakukasirikia wewe, na kosa lilikuwa langu. Nisamehe." Alinitazama kama mtu asiyeamini. Nikaenda mwenyewe kuchota ndoo, ndoo yenye mpini mzima mara hii, nikaizungusha mbele yake mpaka bega likauma. Tukaketi, nikamweleza habari ya kona ya Bunda, na gunia, na chombo kilichoitwa Uhuru. Mama yake alikuwa mlangoni akisikiliza, mikono ina unga. Nilipofika kwenye habari ya mwezi sikumtazama mtoto, nilimtazama yeye. Nikasema, "Unaanguka, mwanangu. Unaanguka kila siku." Hakujibu. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema moshi wa jikoni umemwingia.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Mtoto akaniuliza papo hapo, "Babu, pia nikiichezesha huchoka ikalala. Dunia nayo haichoki?"

Nikajibu, "Sijui. Tumpigie mwalimu wa Butiama." Na neno hilo "sijui", ambalo nilikuwa nikiliogopa miaka yote, halikunipunguzia kitu mbele yake. Alinisogelea, akakaa karibu.

Mwalimu akatwambia kuwa pia hulala kwa sababu ya msuguano wa ncha yake na ardhi na wa hewa, ilhali dunia imo katika utupu, haisuguani na kitu nje yake. Lakini mwezi huyavuta maji ya bahari, yakajaa na kupwa, na msukosuko huo huipunguza dunia mwendo kidogo mno, hata siku huwa ndefu kwa kama sehemu mbili za elfu moja za sekunde kila ipitapo miaka 100. Mtoto akaniuliza kujaa na kupwa ni nini. Amezaliwa ziwani, hajapata kuona bahari ikiondoka ikaacha mitumbwi imelala mchangani. Nikamwahidi kuwa likizo ya shule atakuja Tanga, wakati wa bamvua, aone kwa macho yake.

Ndugu msomaji, uliye Lamu au Mombasa, Tanga au Unguja, huenda hujapata kuvunjiwa mtungi. Lakini katika nyumba yako yumo mtoto ambaye zamani alikuwa akiuliza na siku hizi anakuamkia kwa adabu na kupita. Hebu jiulize ni lini alipokuuliza kwa mara ya mwisho, nawe ulimjibu nini. Kama umesahau, muulize mwenyewe, kwani mpigaji husahau, mpigwa hasahau. Na kama alilokuuliza hulijui, mwambie hulijui, kisha mshike mkono mwende kwa ajuaye. Mimi nilichelewa miaka zaidi ya 30. Likizo ikifika, inshaallah, mimi na mjukuu wangu na mama yake tutakwenda Raskazone usiku wa mwezi mwandamo, na safari hii mwenye kuuliza mbele ya watu hatachekwa.